Mbolea kupita kiasi huunguza mboga

Katika mashamba madogo ya uani mjini Nakuru, Njoro na Naivasha, sukumawiki huweza kuharibika kwa kulishwa kupita kiasi. Chumvi ya mbolea ikizidi, mizizi hushindwa kufyonza maji. Kingo za majani hukauka na ukoko mweupe hutanda juu ya udongo. Nyanya nazo husheheni majani huku matunda yakiwa haba.

Dalili hizo zionekanapo, mbolea isitishwe, ukoko ukwanguliwe, kisha maji mengi yamwagwe hadi yapite chini ya mizizi. Samadi ya kuku iozeshwe kwanza. DAP, yenye naitrojeni asilimia 18, huongeza asidi ardhini itumiwapo kila msimu. Hata hivyo, chokaa isitiwe kabla ya udongo kupimwa.