JIWE LA BISMARCK
Alama ya Jiji la Mwanza

Mawe haya ya itale yalikwisha kupandana hivi kabla mji haujazaliwa. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alilifikia ziwa hili, akaliita Victoria. Wajerumani walijenga kituo chao hapa mwaka 1892. Jiwe likapewa jina la Otto von Bismarck, chansela wao wa kwanza. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928.

Kwa miaka mingi, abiria wa MV Victoria kutoka Bukoba, waliokesha majini na mikungu yao ya ndizi, walipoliona jiwe hili alfajiri walijua: tumefika Mwanza.

Tafadhali usipande juu ya mawe, usiyachore wala kutupa taka ziwani.