Siku Jiji Lilipomzika Kanumba

Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012 ilikuwa sikukuu juu ya sikukuu. Ilikuwa Siku ya Karume, na kesho yake ilikuwa Pasaka. Ofisi zimefungwa, shule zimefungwa, watu wako majumbani. Alfajiri hiyo simu zikaanza kuita Dar es Salaam nzima: Kanumba amefariki. Hadi jua linawaka, nyumba yake ya Sinza Vatican ilikuwa haipitiki.

Steven Kanumba alikuwa na miaka 28. Alizaliwa Shinyanga, akapikwa katika kundi la Kaole, watazamaji wa ITV wakamzoea kwenye tamthilia kabla hajahamia kwenye filamu za kanda na VCD. Huko ndiko alikojenga jina. Filamu zake zilitazamwa sebuleni, saluni, kwenye vibanda vya video na ndani ya mabasi ya mikoani, ambako abiria hakuwa na hiari. Zilivuka hadi Bujumbura na mashariki ya Kongo. Mtu aliyemwona Kanumba analia kwenye runinga kila mwisho wa wiki alijihesabu kuwa anamjua, na msiba ulipotokea alienda kama ndugu.

Rais Jakaya Kikwete alifika Sinza kuhani. Jumanne ya tarehe 10 mwili ulipelekwa viwanja vya Leaders, Kinondoni, na Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal akawa miongoni mwa waombolezaji. Televisheni zilirusha moja kwa moja. Maelfu walijipanga kuuaga mwili, lakini foleni haikudumu: watu walisukumana, wengine wakazirai na kubebwa na watu wa Msalaba Mwekundu, mwisho zoezi la kuaga likakatishwa kabla wengi hawajafika kwenye jeneza. Safari ya kwenda makaburi ya Kinondoni, ambayo siku nyingine ni ya dakika chache, ilikwenda hatua kwa hatua.

Wapo waliosema siku zile kwamba Tanzania haijawahi kuona msiba wa msanii wa namna hiyo. Kwa ukubwa wa umati, huenda ni kweli. Kwa tabia ya umati, ya kutafuta siri nyuma ya kifo, hapana.

Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa Januari 1979 baada ya ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34, na wimbo wake "Shida" ulikuwa bado unapigwa kila kona. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, na nchi yake ilikuwa vitani na Idi Amin. Habari ilikuja kwa redio, na redio haina picha. Msikilizaji wa Morogoro hakuona gari wala hospitali, akabaki na sauti ya mtangazaji na santuri nyumbani. Pengo hilo lilijazwa na simulizi. Inayorudiwa zaidi mpaka leo ni kwamba Mbaraka hakuuawa na ajali bali na kukosa mtu wa kumtolea damu. Wengine waliongeza wivu wa wanamuziki wenzake, na wengine uchawi. Ajali ya barabarani, jambo linaloua Waafrika Mashariki kila siku, ilionekana sababu ndogo mno kwa mtu mkubwa vile.

Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Franco, mwanamuziki wa Zaire. Luambo Makiadi alifariki Namur, Ubelgiji, tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na miaka 51. Serikali ya Zaire ilitangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa na redio ikapiga nyimbo zake mfululizo, heshima ambayo kwa kawaida huwekewa wakuu wa nchi. Lakini mtaani, kuanzia Kinshasa hadi kwenye baa za Dar es Salaam na Nairobi, mjadala ulikuwa mwingine. Mwaka 1987 Franco alikuwa ametoa "Attention na SIDA", wimbo wa kuonya watu kuhusu Ukimwi, na mwili wake ukaanza kupungua mbele ya macho ya mashabiki. Watu wakaugeuza wimbo kuwa cheti cha daktari.

Na mwanamuziki wa Kongo Papa Wemba je? Yeye alianguka jukwaani Abidjan alfajiri ya tarehe 24 Aprili 2016, kamera zikiwaka, wacheza shoo wakiendelea kucheza kwa sekunde kadhaa kabla hawajagundua. Safari hii picha ilikuwepo, na kila mwenye simu aliiona. Mtu angedhani ushahidi wa wazi namna hiyo ungenyamazisha maneno. Uliyachochea. Uvumi ukaenea Kinshasa kwamba maikrofoni ilitiwa sumu, na video ileile ikarudiwa na kusimamishwa mara kwa mara kama vile waamuzi wanatafuta faulo.

Kwa hiyo Kanumba alikufa ndani ya desturi iliyokuwa tayari na umri. Kilichokuwa kipya ni kasi, pamoja na magazeti ya udaku yaliyokuwa na njaa ya kila siku. Alipokuwa hai alicheza filamu iitwayo Devil's Kingdom, pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria. Baada ya kifo, filamu hiyo ilitolewa kabatini kama kielelezo: alikuwa Freemason, alivunja masharti, ametolewa kafara. Mambo hayo yaliandikwa, yakajadiliwa vijiweni na kuhubiriwa. Mwandishi wa makala hii anaona haya hayakuwa upumbavu mtupu. Mtu wa miaka 28 aliyekuwa mzima jana hawezi kuondoka bila familia yake, ya damu na ya mashabiki, kuuliza nani kahusika. Kwenye msiba wa kawaida swali hilo huulizwa chini chini jikoni na kuishia siku ya kuanua tanga. Kwa nyota halina jikoni wala siku ya kuanua tanga.

Linganisha na Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Alifariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013, mwaka mmoja na siku kumi baada ya Kanumba, na kesho yake akazikwa Kitumba. Rais Kikwete na Rais Ali Mohamed Shein walihudhuria. Hapakuwa na jukwaa wala foleni ya kutazama uso. Maiti iliswaliwa ikazikwa, kama ilivyo kwa Muislamu yeyote. Uvumi ulikuwa haba. Inaaminika alikuwa amevuka miaka mia moja, na aliyekula chumvi kiasi hicho hakuna anayeuliza kilichomuua.

Bara, hata hivyo, mtindo wa Leaders ulishika. Rapa Albert Mangweha alipofariki Afrika Kusini Mei 2013, mwili wake ulipita viwanja vilevile kabla ya kupelekwa Morogoro kuzikwa. Fulana zenye picha, kamati ya wasanii, wanasiasa kwenye viti vya mbele, yote yalikuwa yameshajulikana mahali pake. Mpenzi wa dansi aliyekumbuka jinsi mwanamuziki alivyoitwa mhuni miaka ya nyuma angeshangaa kuona mawaziri wakigombea kipaza sauti.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana Novemba 2012, wakati Sharo Milionea, mchekeshaji kijana, alipopata ajali ya gari Muheza, mkoani Tanga. Magazeti yaliripoti kwamba waliofika kwanza walimpora vitu vyake kabla ya kutoa msaada. Siku chache baadaye umati mkubwa ulimzika kwa machozi.

Kesi ya kifo cha Kanumba ilichukua miaka. Muigizaji Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, alishtakiwa kwa mauaji siku moja baada ya mazishi; baadaye shtaka likawa la kuua bila kukusudia, naye akapata dhamana Januari 2013. Mwaka 2016 alishangiliwa aliporudi kutoka Lagos na tuzo ya AMVCA. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani na kumhukumu miaka miwili; Mei 2018 akatoka gerezani kumalizia adhabu nje. Mahakama ilisikiliza habari za ugomvi wa chumbani na mtikisiko wa ubongo. Freemason hawakutajwa kwenye hukumu, na vijiweni hilo halikumshawishi yeyote aliyekuwa na jibu lake tangu Pasaka ile.

Jibu jingine lililobaki mtaani ni kwamba Bongo Movie, yaani tasnia ya filamu za Tanzania, ilikufa na Kanumba. Linasemwa kwa huzuni ya kweli, lakini linawabebesha marehemu na msiba wake mzigo usiokuwa wao. Soko la VCD liliuawa na nakala za wizi, na filamu za Kikorea na Kihindi zilizotafsiriwa kwa sauti ya msimulizi na kuuzwa kwa bei ya chini, kisha na simu ya mkononi. Aprili 2017 waigizaji wenyewe waliandamana hadi Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi. Waliopita maduka ya Kariakoo siku hiyo wangeweza bado kununua nakala bandia za filamu za Kanumba.