Zawadi zilipoifunika pipi nchini Japani

KWA takriban karne moja sasa, watoto wa Japani wamekuwa wakinunua pipi huku wakiwazia zaidi zawadi iliyomo ndani ya pakiti.

Miongoni mwa waasisi wa mtindo huo ni Ezaki Riichi, aliyeanza kuuza karameli za Glico mjini Osaka mwaka 1922. Ezaki aliamini kuwa kwa mtoto, kula na kucheza ni mambo yasiyotenganishika. Kuanzia mwaka 1927, pakiti za Glico zilitiwa vitu vidogo vya kuchezea.

Kampuni ya Morinaga ilibuni utaratibu wa aina yake kwa chokoleti zake za Chocoball, ambazo nembo yake ni ndege aitwaye Kyoro-chan. Sehemu ya kufungulia pakiti huitwa mdomo wa ndege, na mwenye bahati hukuta hapo picha ya malaika. Mwenye malaika mmoja wa dhahabu, au watano wa fedha, huwatuma kwa posta na kuletewa kopo la vitu vya kuchezea. Kopo hilo haliuzwi dukani, na yaliyomo hubaki siri hadi lifunguliwe.

Hata hivyo, zawadi ziliwahi kuzusha kero. Mwaka 1971, Calbee ilitoa vitafunio vyenye kadi za Kamen Rider, shujaa wa televisheni. Watoto wengi walichukua kadi na kutupa vitafunio, jambo lililowaudhi wazazi waliokuwa wakiikumbuka njaa ya enzi za vita.

Kisa hicho kilijirudia mwaka 1985, Lotte ilipotia stika za mashetani na malaika katika chokoleti ya Bikkuriman iliyouzwa yeni 30. Stika adimu zenye kumeta ziliuzwa mitaani kwa bei kubwa mno, na chokoleti ikaishia jalalani.

Japani ilikwishatunga sheria ya kudhibiti zawadi za kibiashara mwaka 1962. Mwaka 1988, Tume ya Biashara ya Haki iliingilia kati na kuitaka Lotte kupunguza tofauti kati ya stika adimu na za kawaida. Baada ya hapo, msisimko ulififia.

Bikkuriman na Chocoball bado zingali madukani. Funzo lililobaki ni kwamba zawadi huuza bidhaa, lakini ikivuka mpaka, bidhaa yenyewe hugeuka takataka.