Usaha wa Siku ya Tatu

Mwaka 1879, katika kijiji cha Kahura huko Bunyoro, ng'ambo ya Ziwa Albert ukitazama kutoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, msafiri Mzungu Robert Felkin alishuhudia mganga akimpasua mwanamke tumbo na kumtoa mtoto. Wanahistoria wa tiba wamezungumza sana juu ya upasuaji wenyewe: pombe ya ndizi iliyomlevya mama na kutumika kuosha mikono ya mganga na tumbo la mama, chuma cha moto kilichozuia damu, pini saba za chuma zilizofunga kidonda, dawa ya mizizi iliyotafunwa ikapakwa juu na kufunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto. Mimi naona kilichofuata ndicho chenye thamani kubwa zaidi kwa yeyote anayefungua bandeji leo pale Mvara au Koboko, huko West Nile. Siku ya tatu asubuhi kidonda kilifunguliwa kwa mara ya kwanza, pini zikaanza kutolewa, na shughuli hiyo ikaendelea siku ya tano na ya sita. Kila kilipofunguliwa kulikuwa na usaha kidogo; ulifutwa, dawa mpya ikawekwa. Joto la mwili, kwa kipimo cha Felkin, halikupita nyuzi 101 za Farenhaiti, yaani kama 38.3 za Selsiasi. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona.

Usaha ulikuwepo, basi, na mama akapona. Wengi wetu tumezoea kuhukumu mshono kwa alama moja tu: ukitoa usaha umeoza, ukiwa mkavu uko salama. Kahura inakanusha nusu ya kwanza ya hukumu hiyo, na wauguzi wanajua nusu ya pili inavyodanganya, kwa sababu usaha unaweza kutunga chini kabisa huku ngozi ya juu imefunga vizuri. Ulaya yenyewe iliyumba kwa karne nyingi katika jambo hili: kulikuwa na madaktari walioona usaha mzito, mweupe, kuwa dalili njema ya kupona, mpaka Joseph Lister alipochapisha mwaka 1867 hoja yake kuwa vijidudu ndivyo vinavyoozesha kidonda. Hoja yangu ni kwamba kidonda hakihukumiwi kwa picha ya siku moja. Kinahukumiwa kwa mwendo wake: leo kikilinganishwa na jana, maumivu yanapungua au yanapanda, uvimbe unarudi ndani au unasambaa, joto linashuka au linaibuka upya baada ya siku kadhaa za utulivu. Homa ndogo ya siku mbili za mwanzo mara nyingi ni mwili tu unaoitikia kisu. Homa inayoanza siku ya tano, mshono ukiwa mgumu na unauma kuliko jana, ni habari nyingine.

Mtu anaweza kupinga kwamba Felkin ni shahidi mmoja, tena Mzungu mpita njia, na kisa kimoja hakijengi kanuni. Ni kweli, na mashaka juu ya taarifa yake si ya leo, ingawa J. N. P. Davies, mwanapatholojia wa Mulago, aliitetea tiba ya Bunyoro kwa uzito mwaka 1959. Lakini siuegemezi mzigo wangu kwenye ustadi wa yule mganga. Nauegemeza kwenye daftari: tarehe, pini, usaha, joto, siku baada ya siku. West Nile yenyewe ina ushahidi wa nguvu ya daftari. Katika hospitali ya Kuluva, kusini mwa Arua, daktari Ted Williams aliweka kumbukumbu makini za wagonjwa wa uvimbe wa Burkitt, aina ya saratani. Kumbukumbu hizo ndizo zilizowezesha utafiti wa mwaka 1967 ulioonyesha kuwa wagonjwa wa West Nile walijikusanya kwa mahali na kwa wakati. Mgonjwa mmoja mmoja asingeonyesha jambo hilo kamwe.

Wapo pia watakaosema maabara ndiyo mwamuzi. Hapana. Kidonda chochote kilicho wazi kina vijidudu juu yake, na pamba iliyopitishwa juu juu itaviokota hata kama havidhuru kitu. Maabara husaidia kuchagua dawa baada ya macho na mkono kuamua kwamba kuna maambukizi. Wanaotaka kila mshono upewe vidonge vya antibiotiki kwa tahadhari wanachanganya mambo mawili: dozi kabla ya kisu huzuia, lakini Shirika la Afya Duniani lilishauri wazi mwaka 2016 kwamba isiendelezwe baada ya upasuaji kwa ajili ya kuzuia tu. Vidonge visivyo na sababu hulea vijidudu sugu, na sisi hatuna dawa za akiba.

Kuna kosa jingine linaloniuma zaidi. Vitabu vingi huanza orodha ya dalili za maambukizi kwa wekundu. Juu ya ngozi ya Mlugbara au Mkakwa wa West Nile wekundu mara nyingi hauonekani; ngozi huwa nyeusi zaidi, ya zambarau au yenye kung'aa, na aliyefundishwa kutafuta rangi ya kitabu atapita bila kuona. Mgongo wa mkono, uliowekwa kando ya mshono kisha upande wa pili wa tumbo, utasikia joto ambalo jicho limelikosa.

Tena muda ni mrefu kuliko kulazwa. Maambukizi ya mshono huhesabiwa hadi siku 30, ilhali mama aliyepasuliwa Arua huenda siku ya tano yuko tayari njiani kwenda Koboko, zaidi ya kilomita 50. Kuanzia hapo hakimu ni dada yake au mama mkwe. Kama kuna uvimbe siku anapotoka, muuguzi auzungushie mstari wa kalamu kwenye ngozi, aandike tarehe katika daftari analorudi nalo mgonjwa, na amwambie anayemsindikiza: uvimbe ukivuka mstari huu, mrudisheni siku hiyohiyo.