Hewa inavyogeuzwa breki ya vyombo vya anga za juu

MJI wa Bariadi, mkoani Simiyu, na jukwaa la San Marco lililopo baharini karibu na Malindi, nchini Kenya, viko takriban umbali sawa kusini mwa ikweta, pungufu kidogo ya nyuzi tatu.

Kutoka jukwaa hilo, Aprili 26, 1967, Italia ilirusha setelaiti ya San Marco 2, iliyozunguka dunia juu ya ukanda wa ikweta. Kazi yake ilikuwa kupima ukinzani wa hewa nyembamba ya juu, kwa mizani iliyobuniwa na Profesa Luigi Broglio. Hewa hiyohiyo iliipunguza kasi hadi ikaanguka na kuungua Oktoba mwaka huo.

Ukinzani unaoangusha setelaiti unaweza pia kuwa msaada. Chombo kinapofika kwenye sayari nyingine, mara nyingi huanza kwa njia ndefu yenye umbo la yai. Kuifupisha kwa injini pekee huhitaji mafuta mengi, na kila kilo ya mafuta hupunguza nafasi ya vifaa vya utafiti.

Badala yake, waongozaji hushusha kidogo sehemu ya njia iliyo karibu zaidi na sayari, ili chombo kipite kwenye hewa nyembamba. Kila kinapopita hupoteza kasi kidogo, hivyo hakifiki tena mbali kama awali. Njia inapofikia kipimo kinachotakiwa, injini huwashwa kwa muda mfupi kukiinua kutoka kwenye hewa.

Chombo cha Marekani, Magellan, kilitumia mbinu hiyo kwenye sayari ya Zuhura mwaka 1993.

Hatari yake ni joto na shinikizo. Kikizama mno, chombo huweza kuharibika. Kikibaki juu mno, kazi huchukua muda mrefu. Mwaka 1997, Mars Global Surveyor kilifika Mirihi kikiwa na bawa la umemejua lenye hitilafu. Bawa lilipopinda kupita kiasi, wataalamu walisitisha kazi kwa muda, kisha wakaendelea polepole. Njia sahihi ilipatikana mwaka 1999, takriban mwaka mmoja baada ya muda uliopangwa.

Ndiyo maana vipimo vya hewa, kama vilivyofanywa juu ya ukanda wa ikweta, vina thamani: breki isiyojulikana nguvu yake haiaminiki.