Dhamira Ovu, na Pale "Kukusudia" Kunapopotosha

Magazeti yetu yamezoea kugawa mauaji mafungu mawili, ya kukusudia na yasiyo ya kukusudia, na msomaji huondoka akiamini kwamba mmoja alitaka kuua na mwingine hakutaka. Sheria haisemi hivyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inalijenga kosa la mauaji juu ya hali ya akili ambayo wanasheria huiita dhamira ovu, na kifungu cha 200 kinaeleza sura zake kadhaa. Kutaka kuua ni mojawapo tu. Kutaka kumjeruhi mtu vibaya kunatosha, na hata kujua kwamba tendo lako huenda likaleta kifo ukalifanya bila kujali. Anayempiga mwenzake kwa nondo akitaka abaki kilema, kisha akafa, ameua kwa dhamira ovu ingawa kifo hakikuwa kusudi lake. Kwa upande mwingine, kifungu cha 201 kinampunguzia kosa aliyekasirishwa ghafla akaua kabla hasira haijapoa, hata kama dakika ile alitaka hasa kuua. Huyo naye tunamwita muuaji "bila kukusudia"! Jambo lenyewe si dogo, maana adhabu ya kosa la kwanza ni kifo, na la pili humwachia jaji nafasi ya kupima, hadi kifungo cha maisha.

Ndiyo maana naitetea istilahi ya dhamira ovu: inatulazimisha kuuliza akili ya mtu ilikuwa katika hali gani. Akili haionekani kwa macho, na katika shauri la Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilikiri kwamba kwa kawaida mshambuliaji hatangazi nia yake. Hivyo mahakama huangalia silaha na ukubwa wake, nguvu iliyotumika, mahali palipopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Panga lililoshuka kichwani mara tano linasema jambo ambalo kofi moja haliwezi kulisema.

Wapo watakaopinga kwamba neno "ovu" nalo linapotosha, kwa kuwa anayemziba pumzi mgonjwa wake kwa huruma hana uovu moyoni, na bado sheria itamwona mwenye dhamira hiyo. Pingamizi hili ni zito na silikatai. Lakini istilahi ngeni kidogo humfanya mtu aulize maana yake, ilhali "kukusudia" humfanya aamini kwamba tayari anaijua. Tangu marekebisho ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, suala hili limetoka kwenye kurasa za magazeti likaingia kizimbani. Mshtakiwa anayejibu, "Nilimpiga, ila sikukusudia afe," anadhani amekana shtaka la mauaji, kumbe huenda amekiri sehemu yake kubwa.