Nauli za ndege za masafa marefu: Entebbe au Nairobi?

Mkazi wa Kampala anayetaka kwenda Mumbai, London au Toronto huwa na njia mbili mbele yake. Anaweza kuanzia Entebbe, umbali wa kilomita zipatazo 40 kutoka mjini, au kupanda basi hadi Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, kwa matumaini kwamba uwanja mkubwa zaidi utampa nauli ndogo zaidi. Njia hiyo ya pili imezoeleka miongoni mwa wanafunzi, wafanyabiashara na hata familia zinazompeleka mgonjwa India, ambao fedha zao mara nyingi zimetokana na mchango wa ukoo au kipande cha ardhi kilichouzwa. Kwa watu hao, tiketi iliyopotea hairudiwi kwa urahisi.

Dhana ya kwamba Nairobi ni nafuu haikuzuka bure. Uwanja wa Jomo Kenyatta hutumiwa na mashirika mengi kuliko Entebbe, na penye wauzaji wengi bei hushindana. Upo pia ukweli wa njia zenyewe: tangu Oktoba 2018 Kenya Airways imekuwa na safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, jambo ambalo Entebbe haina. Hata hivyo, ukubwa wa uwanja peke yake haushushi nauli.

Mashirika ya ndege hayapangi bei kwa kilomita. Abiria anayeruka moja kwa moja hutozwa ghali zaidi kwa sababu anaokoa muda, na mara nyingi ni mtu wa kazi ambaye tiketi yake inalipwa na mwajiri. Yule anayekubali kushuka mahali pengine na kungoja ndege ya pili huvutwa kwa punguzo. Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa, Emirates kupitia Dubai, Qatar Airways kupitia Doha na Turkish Airlines kupitia Istanbul, yote yanamwania abiria huyo huyo wa Entebbe. Ndiyo maana hutokea mtu aliyeanzia Entebbe akakaa katika ndege moja na mtu aliyeanzia Addis Ababa, wote wakielekea mji mmoja, na aliyetoka mbali ndiye aliyelipa kidogo. Kwa mantiki hiyo hiyo, tiketi ya Entebbe inayopitia Nairobi huweza kuwa nafuu kuliko ile inayoanzia Nairobi penyewe.

Hapo ndipo mtego mkubwa ulipo. Msafiri huona bei nzuri ya Entebbe, Nairobi, Mumbai, akainunua, kisha kwa kuwa tayari ana shughuli Nairobi, akaamua kuipandia ndege hukohuko. Akifika kaunta huambiwa kwamba safari yake imefutwa. Kwa kawaida, abiria asipotokea katika kipande cha kwanza cha tiketi, mfumo wa shirika hufuta vipande vyote vinavyofuata, pamoja na safari ya kurudi. Tiketi hutumiwa kwa mpangilio ulioandikwa, kuanzia mwanzo.

Anayeamua kuanzia Nairobi kwa haki, yaani kwa tiketi iliyoandikwa Nairobi, naye ana hesabu ya kufanya. Nauli ya basi ni kwenda na kurudi, si kwenda tu. Kuna chakula, teksi hadi uwanjani, na mara nyingi chumba cha kulala, kwa kuwa hakuna mwenye busara anayepanga kushuka basi asubuhi na kupanda ndege adhuhuri. Foleni ya Busia au Malaba haina ratiba. Basi likichelewa, shirika la ndege halina deni lolote kwa abiria. Kwake huyo ni mtu ambaye hakutokea.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayenunua tiketi mbili tofauti, moja ya Entebbe hadi Nairobi na nyingine ya kuendelea mbele. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halilazimiki kumsubiri wala kumtafutia nafasi nyingine. Mizigo nayo kwa kawaida hushushwa Nairobi: itabidi apite uhamiaji, aichukue, kisha aanze upya kaunta. Tiketi moja yenye vipande viwili hubadili kila kitu, kwa maana jukumu la kumfikisha mwisho wa safari linabaki kwa aliyemwuzia. Tofauti ya bei kati ya mipango hii miwili ikiwa ndogo, ni vigumu kuitetea ile ya tiketi mbili.

Viza za kupitia huvunja safari nyingi kuliko watu wanavyodhani. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao ni wengi nchini Uganda, wamo katika orodha ya pamoja ya nchi za Schengen ya watu wanaohitaji viza hata kama hawatoki nje ya eneo la abiria wanaobadili ndege. Raia wa Uganda hawamo katika orodha hiyo ya pamoja. Uingereza ina orodha yake, na hiyo inawahusu Waganda, Wakongo, Wakenya, Warundi, Wanyarwanda na Watanzania, ingawa mwenye viza halali ya Marekani au Kanada anaweza kusamehewa. Kwa hiyo tiketi ya bei ndogo ya kwenda Toronto kupitia London yaweza kuwa haitumiki kwa jirani mmoja na ikamfaa mwingine. Anayepitia Addis Ababa au Dubai bila kutoka uwanjani kwa kawaida hukutana na masharti mepesi zaidi.

Wanaokwenda India wasisahau cheti cha homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, na India huweza kumweka karantini kwa siku zisizozidi 6 mtu anayetoka Uganda au Kenya bila cheti hicho. Mgonjwa aliyepangiwa upasuaji hana siku 6 za kupoteza.

Katika kutafuta bei, siku ya kusafiri ina uzito kuliko siku ya kununua. Desemba, Julai na Agosti, pamoja na majira ya Hija kwa njia za Ghuba, hupandisha nauli bila huruma. Kila ndege ina viti vilivyogawanywa katika madaraja ya bei, na vya bei ya chini ni vichache. Familia ya watu wanne ikitafuta viti vinne kwa pamoja ilhali vya bei ya chini vimebaki viwili, mfumo huweza kuwatoza wote wanne bei ya daraja la juu. Kutafuta mtu mmoja mmoja huonyesha kama jambo hilo limetokea. Kisha mizigo ilinganishwe: nauli moja hujumuisha mifuko miwili ya kilo 23, nyingine mmoja, nyingine hakuna.

Wengi bado hununua kwa wakala, na wakala mzuri ana thamani yake, hasa safari inapovurugika. Lakini karatasi yenye jina na saa za ndege si tiketi. Nambari ya nafasi huwa na herufi na tarakimu sita, na inaweza kutolewa kabla fedha hazijalipwa kwa shirika, kisha ikafutika yenyewe. Tiketi halisi ina nambari yenye tarakimu 13, na tatu za kwanza hutambulisha shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Mnunuzi aidai nambari hiyo kabla ya kuondoka dukani, kisha aingie mwenyewe katika tovuti ya shirika aone kama safari yake imo.

Jambo moja halionekani katika bei. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2004 kuhusu ndege zilizochelewa au kufutwa humlinda anayeondoka Ulaya kwa shirika lolote, lakini anayeondoka Entebbe kwenda Ulaya hulindwa tu akiwa katika ndege ya shirika la Ulaya. Kwa safari zinazozidi kilomita 3,500, fidia hufika euro 600, isipokuwa shirika likithibitisha sababu iliyo nje ya uwezo wake.

Kwa aliyeshindwa kusafiri na tiketi yenye maandishi kwamba fedha hazirudishwi, bado kuna cha kuuliza. Sehemu ya kodi za uwanja iliyomo ndani ya bei mara nyingi hurejeshwa kwa kuwa huduma haikutumika. Ombi hupelekwa kwa aliyeuza tiketi, pamoja na ile nambari ya tarakimu 13.